Fungu la Nyuma ya Nyumba

Ipo nchi moja, na msiniulize iko upande gani, maana ramani yake ilipelekwa kupakwa rangi mpya na fundi hajairudisha mpaka leo. Wenyewe huiita Jamhuri ya Shibe Kuu. Ni nchi nzuri mno na haina njaa hata chembe. Zamani ilikuwa nayo, kama nchi nyingine zisizo na bahati, lakini siku moja baada ya chakula cha mchana Bunge lilikaa likapitisha Sheria ya Kufuta Njaa, kwa sauti moja, huku wabunge wengine wakiwa bado wanachokonoa meno. Njaa ikafutika papo hapo. Neno lenyewe liliondolewa redioni, shuleni na katika kamusi, na mtu ambaye hajatia kitu mdomoni tangu juzi akaitwa, kwa lugha ya serikali, mwananchi aliye njiani kushiba.

Kamati ya Methali nayo ilifanya kazi yake. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa" ilionekana ina uchochezi ndani yake, ikarekebishwa isomeke "Mwenye shibe anamjua mwenye shibe mwenzake." "Adui mwombee njaa" ikawa "Adui mwombee kheri," jambo lililowatatiza wanajeshi kwa muda, lakini wakazoea.

Mlezi wa mafanikio haya yote alikuwa Waziri wa Shibe, Mheshimiwa Dakta Lumbwe Mkomavu. Udakta alipewa na chuo kikuu kwa utafiti wake wa vitendo katika masuala ya mlo. Wizara yake ilikaa katika jengo refu lenye lifti pana kuliko lifti zote za nchi, kwa sababu watumishi wake, kwa uzalendo, walikuwa hawawezi tena kupanda ngazi.

*

Habari hizi njema zilichelewa kufika Mlima Ngoluma, kwa kuwa barabara inayopanda huko inawafaa mbuzi kuliko magari. Katika kijiji cha Kwalundi, karibu kabisa na msitu, aliishi balozi wa nyumba kumi aliyeitwa Senkondo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwepesi wa kuona haya. Mwaka ule masika yalinyesha kidogo, yakaaga. Mahindi yalifika magotini yakakauka yakiwa yamesimama. Maghala yalibakiwa na panya, kisha panya nao wakahama.

Lakini watu wa Ngoluma walikuwa na ghala la pili, nalo ni msitu. Humo walichimba ndiga, viazi vya mwitu vyenye sumu ambavyo hulowekwa mtoni mpaka ukali uishe ndipo vipikwe. Walichuma uyoga na mchunga, mboga ya mwituni yenye uchungu, walikusanya kumbikumbi, walirina asali ya nyuki wadogo wasiouma. Na walikuwa na adabu yao kwa msitu huo. Anayechimba ndiga hukata kichwa cha kiazi, akakirudisha shimoni na kukifukia, ili mwakani kiote tena. Hata mwizi alifanya hivyo. Mtu aliyeonekana amebeba ndiga na kichwa chake alitazamwa sawasawa na aliyechinja ng'ombe mwenye mimba.

Adabu yao kwa mgeni ilikuwa kubwa zaidi. Ngoluma mgeni hula kwanza. Hatajiwi njaa, haambiwi "hakuna," haambiwi "kimekwisha," na mwenye nyumba atakayeyatamka maneno hayo mbele ya mgeni huwaachia wajukuu wake aibu ya kurithi. Mgeni naye ana wajibu wake: hamalizi. Anakula nusu, anakifunika chungu kwa jani la mgomba alilowekewa pembeni, anasema, "Nimeshiba mpaka watoto," kisha ananyanyuka. Nusu inayobaki huitwa fungu la nyuma ya nyumba, kwa sababu watoto huwa wameketi huko, kimya, wakisubiri jani litumike. Hakuna aliyewahi kumfundisha mgeni desturi hiyo. Walidhani kila binadamu amezaliwa anaijua.

Senkondo alikuwa na mtoto mmoja, Nakiete, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba na nywele kupauka na kuwa nyekundunyekundu. Mganga wa zahanati alichungulia dirishani kwanza, kisha akamnong'oneza mama yake, Naetwe, kwamba ile ni kwashakoo na dawa yake haimo kabatini. Dawa yake ni kula. Naetwe akaweka akiba darini: kikapu cha kumbikumbi waliokaushwa na kibuyu cha asali. Kila siku alimpa mtoto kidogo, na yeye mwenyewe akanusa vidole. Uvimbe ulianza kupungua.

Ndipo ikaja habari kwamba Tume ya Taifa ya Kuhakiki Shibe, chini ya Waziri mwenyewe, ingepanda Ngoluma kuchunguza uvumi wa "upungufu wa shibe." Tume ikiukubali uvumi huo, watu wangeletewa malori ya mahindi kutoka ghala la taifa mpaka mvua nyingine. Ikiukataa, basi.

Kikao cha kijiji kilikuwa kigumu. Swali lilikuwa moja: mgeni ataambiwaje kwamba watu wana njaa bila kuambiwa? Mmoja alipendekeza waimbe. Mwingine alijitolea kuanguka na kuzirai, ila akaonywa kuwa kuzirai mbele ya mgeni ni utovu wa adabu. Mwishowe Mzee Kirindo, mkubwa wa wote kwa umri na kwa msimamo, alimaliza maneno. Kila nyumba itoe ilichonacho, wageni wapikiwe karamu ya heshima. Watakula nusu, watafunika, watawaona watoto wakilikimbilia fungu lao.

"Mtu akimwona mtoto wa Ngoluma anavyokula mwaka huu," alisema, "hahitaji kuambiwa kitu."

Waliona ni busara kubwa, na Senkondo aliona hivyo pia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alipofika nyumbani na kumweleza mkewe, Naetwe alikuwa anapepeta ungo usiokuwa na cha kupepetwa. Akamwambia, "Mficha maradhi, baba Nakiete, kifo humuumbua." Senkondo akajifanya anatafuta jembe.

*

Tume ilipanda kwa barabara ambayo wanakijiji walikuwa wameilima upya kwa majembe, tumbo tupu, ili wageni wasitikisike. Gari la kwanza lilimbeba Mheshimiwa. La pili lilibeba kiti chake, maana haikutazamiwa kwamba mlimani kungekuwa na kiti cha kuhimili dhamana ya kitaifa. La tatu lilikuwa na Mwonjaji Mkuu, Mwonjaji Msaidizi, Mtaalamu wa Harufu, Mratibu wa Miiko na Vijiko, na mpiga picha. La mwisho lilijaa dawa za kiungulia.

Mheshimiwa alihutubia akiwa amekaa. "Ndugu wananchi mnaoendelea kushiba," alisema, "serikali yenu haikulala. Serikali yenu imepanda mlima. Imepanda kwa ajili ya mustakabali wa mlo ulio endelevu, shirikishi na jumuishi, unaomlenga mlaji kama mlaji." Watu walipiga makofi kwa muda mrefu, kwa kuwa kulikuwa na baridi na makofi yanapasha mikono moto.

Kisha wakaingia nyumbani kwa balozi, wakala.

Senkondo alisimama karibu na mlango na birika la maji ya kunawa. Hakuna aliyenawa. Mheshimiwa alitumbukiza mkono wote chunguni, akatoka na pande la ndiga, akalitia mdomoni zima, na kabla halijateremka akatia la pili kulisukuma la kwanza. Mchuzi wa uyoga ulimchuruzika kwenye vidole, ukafuata mkono, ukafika kwenye saa ya dhahabu. Akailamba saa. Mwonjaji Mkuu alionja kila chungu mpaka chini, akieleza kwamba kuonja juujuu si utaalamu. Mtaalamu wa Harufu aliinusa mboga mara moja tu, akaridhika, akavuta bakuli. Walitema vishina vya uyoga sakafuni, wakabeua bila kugeuza uso, wakacheka midomo ikiwa imejaa, na vipande vilivyowaruka vikatua kwenye mkeka ambao Naetwe alikuwa ameuazima kwa majirani. Chumba kizima kilinuka mafuta ya watu. Senkondo aligeuzia uso mlangoni, akajiambia kuwa subira yavuta kheri na kwamba nusu inakaribia.

Jani la mgomba alikuwa ameliweka mwenyewe karibu na kiwiko cha Mheshimiwa, bichi, limefutwa vizuri. Nusu ilifika, ikapita. Chungu kikaonyesha tako lake. Mheshimiwa akatupa jicho pembeni, akaliona jani, akalichukua, na moyo wa Senkondo ukaruka kwa furaha.

Mheshimiwa akajifutia mdomo, kisha kwapa, akalitupa jani mlangoni.

"Kingine," alisema.

Sasa, Ngoluma haiwezekani kumwambia mgeni kwamba kimekwisha. Senkondo alitoka nje. Nyuma ya nyumba watoto walikuwa wameketi mstari mmoja wameegemea ukuta, mikono magotini, Nakiete katikati yao. Wakamtazama mikononi. Hakuwatazama. Akamwambia mkewe alete kilicho darini.

"Ni cha Nakiete," Naetwe alisema.

"Najua."

Naetwe akapanda darini, akateremsha kikapu na kibuyu, akampa. Mheshimiwa alitafuna kumbikumbi kiganja baada ya kiganja, mabawa machache yaliyokuwa yamesalia yakamganda kwenye midomo, na asali akaimimina moja kwa moja kooni. Ilipokatika akaingiza kidole. Kidole kilipokwama akakipigapiga kibuyu mezani ili kitoe tone la mwisho. Watoto nyuma ya ukuta walizijua sauti zote za vyombo, na ile ya kibuyu waliielewa bila kuambiana. Hata mmoja hakulia, kwa sababu walikuwa watoto waliolelewa vizuri.

"Sasa balozi," alisema Mheshimiwa, akinyoosha miguu, asali ikimteremka kidevuni, "tuambie bila woga, maana hii ni nchi huru. Hapa kwenu kuna tatizo lolote la chakula?"

Mzee Kirindo na wazee wengine walikuwa wamesimama dirishani. Senkondo alifungua kinywa. Neno lilikuwa moja tu, tena fupi, na malori yalikuwa yanalisubiri. Lakini mgeni alikuwa bado amekaa kwenye kiti, ndani ya nyumba yake, na ulimi wa Senkondo ulikuwa umefunzwa na mama yake kabla haujajua kusema kitu kingine chochote.

"Hakuna, mheshimiwa," alijisikia akijibu. "Karibuni tena."

*

Ripoti ilisomwa redioni jioni ya siku iliyofuata, na kila mtu aliyeisikia aliona ni ya haki. Tume ilikuwa imeshuhudia kwa meno yake kwamba Ngoluma hapakuwa na upungufu, bali palikuwa na ziada. Waliokuwa wakieneza uvumi walionywa. Malori yaliyokuwa yameshapakiwa yalipelekwa badala yake kwenye mbio za farasi za mkuu wa mkoa jirani, ambako farasi walikuwa njiani kushiba.

Kwa kuwa mlima ulikuwa na ziada, msitu ulitangazwa kuwa Ghala la Taifa la Vyakula vya Asili. Ulizungushiwa kamba nyekundu, ukawekewa bango na askari. Wenyeji, ambao kwa mujibu wa ripoti walikuwa wameshashiba, hawakuwa tena na sababu ya kuingia. Wakaletwa vijana wa wizara kuvuna kitaalamu. Walikata miti mizima ili wafikie asali. Ndiga walizing'oa na vichwa vyake, wakavibeba vyote, kwa sababu mpishi wa hoteli kuu ya mji mkuu alisema kichwa kinapendeza kwenye sahani.

Huko mji mkuu ilifanyika Wiki ya Vyakula vya Msitu. Ndiga ziliondolewa ukali wake katika bwawa la kuogelea la hoteli, wageni wakiwa wamehamishiwa bwawa la watoto. Mabalozi wa nchi za nje walikula kwa vijiko vya mti, wakatokwa na machozi ya kuguswa. Dakta Lumbwe Mkomavu alitoa mhadhara kuhusu hekima ya mababu, akausitisha katikati uyoga ulipoletwa, na hakuuendeleza.

Kwalundi walikula mashina ya migomba, na mashina yalipoisha wakala mizizi yake. Uvimbe wa Nakiete ulirudi miguuni, ukapanda mikononi, ukafika usoni. Macho yake yakawa madogo ndani ya mashavu. Hakucheza, hakulia, hakutaka kushikwa. Naetwe sasa alizungumza na mumewe yale tu yasiyoepukika. Senkondo alikuwa akiwaza juu ya jibu lake lile, naye alichukizwa nalo mpaka akawa hataki kusikia sauti yake mwenyewe. Akitumwa kusalimia nyumba ya pili alipunga mkono.

*

Tume ikakaribia tena, kama Senkondo alivyoikaribisha. Safari hii ilikuwa inaleta Kombe la Shibe, zawadi kwa kijiji kilichofanya vizuri kuliko vyote. Mzee Kirindo aliitisha kikao akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili ili asimame. Kila nyumba, alisema, ina kibaba cha mbegu. Zitolewe, zisagwe, wageni wasikute chungu kitupu. Watu walitazama chini, wakaenda kuleta mbegu. Senkondo, ambaye kama balozi ndiye mpokeaji, aliwaambia warudi nazo kwao. "Niachieni mimi," alisema, na kwa kuwa hakuwahi kuwaangusha, wakamwachia.

Mheshimiwa alipoketi kwenye kiti chake uwanjani, kijiji kizima kimezunguka, Senkondo alimwekea mbele chungu kikubwa kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Mpiga picha akajiweka tayari. Mheshimiwa akakunja mikono ya shati, akafunua. Chungu kilikuwa kimesuguliwa kwa mchanga, safi kabisa, na ndani hamkuwa na kitu.

"Mheshimiwa," Senkondo alisema, "hapa pana njaa. Hata ulipokuja mara ya kwanza ilikuwepo. Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa mgeni wangu. Kile ulichokula siku ile nusu yake ilikuwa ya watoto, nawe ukakimaliza."

Mpiga picha alishusha kamera, hakuwa na hakika kama neno lile linaruhusiwa kupigwa picha. Mheshimiwa aliwageukia watu wake.

"Amesema pana nini?"

"Ametumia neno la kale, mheshimiwa," Mratibu wa Miiko na Vijiko alimnong'oneza. "Siku hizi halina maana."

Lakini Kwalundi walikuwa wamelielewa. Wanawake walijifunika nyuso kwa kanga. Hawakuionea haya njaa, maana hiyo walilala nayo na kuamka nayo. Walimwonea haya mgeni aliyefedheheshwa mbele ya chungu. Mzee Kirindo alijikokota mpaka katikati, akainamisha kichwa.

"Tusamehe, mheshimiwa. Mwenzetu huyu amechanganyikiwa na kuuguza. Sisi tumeshiba."

"Tumeshiba," watu waliitikia. Mara ya kwanza walisema chini chini. Mara ya pili walisema kwa nguvu, wengine wakiwa wameegemeana ili wasianguke. Senkondo aliwatazama majirani zake, shingo zao, mishipa ikisimama kwa kulisema neno hilo, na karaha aliyoihisi ilipita hata ile ya siku ya saa ya dhahabu. Mlafi yule, Senkondo alikuwa ameshamzoea. Hawa walikuwa wanampa mlafi watoto wao kwa adabu, na adabu hiyo ilikuwa yake pia.

"Huo ndio ukomavu wa wananchi," alisema Mheshimiwa, akatabasamu kwa msamaha. Macho yake yakamwangukia Nakiete mlangoni pa nyumba yao, kando ya uwanja. Akaenda akamnyanyua juu. "Na huyu je? Tazameni mashavu haya. Wanangu mimi mwenyewe hawajanenepa hivi." Akambonyeza shavu kwa dole gumba ili kamera ione. Alipoliondoa dole, shimo lilibaki pale pale kwenye shavu, halikurudi. Mpiga picha akaomba arudie, safari hii kwa shavu la upande wenye mwanga.

Naetwe alikuja akamchukua mwanawe kutoka katika mikono ya mgeni. Hakusema karibu, hakusema asante, hakusema kwaheri. Kombe alikabidhiwa Mzee Kirindo. Lilikuwa la bati lililopakwa rangi ya dhahabu, kubwa sana, na alisaidiwa kulibeba.

*

Jioni, kabla giza halijaingia, Mzee Kirindo alikwenda kwa Senkondo kumsema. Alipiga hodi, akakaribishwa kwa mazoea, akaketi kwenye kigoda cha mgeni, akaanza. Alisema wamevuliwa nguo. Alisema tangu mababu haijapata kutokea mgeni akaonyeshwa tako la chungu. Alisema mengi, na Senkondo hakujibu, maana mzee hajibiwi.

Jikoni palikuwa na uji wa bakuli moja, wa ile mbegu ya nyumba yao wenyewe. Naetwe aliuepua, akauleta, akasimama nao katikati ya chumba. Mgeni alikuwa ameketi kwenye kigoda, na mtoto alikuwa nyuma ya nyumba. Desturi ilikuwa wazi, na kila mmoja mle ndani aliijua. Naetwe alimtazama mumewe. Senkondo alitoka, akazunguka, akarudi amembeba Nakiete, akamketisha mkekani mbele ya miguu ya mzee. Naetwe akapiga magoti, akaanza kumnywesha.

Mzee Kirindo alikatiza maneno yake. Aliangalia ukuta, akaangalia paa, akaliangalia bakuli. Kila kijiko kilipopanda, koromeo lake lilipanda nacho. Nakiete alikunywa polepole, akipumzika katikati, na mzee hakuweza kuondoa macho wala kunyanyuka. Uji ukaisha. Mtoto akapanguswa mdomo.

"Mwanangu Senkondo," alisema mzee, na ukali wote ulikuwa umemtoka. "Hata mimi nina njaa."

"Hakuna, baba," Naetwe alimjibu. "Kimekwisha."

Hakuna aliyejifunika uso. Mzee alitikisa kichwa akikubali, akabaki ameketi pale pale mpaka wakasahau kuwa ni mgeni.

Asubuhi alipita nyumba hadi nyumba na fimbo yake, akisimama kila mlango na kulisema lile neno, bila kingine chochote. Baadhi walimfungia. Wengi walitoka. Wakaenda mpaka kwenye kamba nyekundu, wakiwa na majembe na vikapu. Askari aliuliza wana shida gani, wakamwambia kwa pamoja kwamba wana njaa.

Askari alitatizika. Aliagizwa amkamate yeyote anayeingia na kueleza wizarani sababu iliyomwingiza. Akapiga simu, akaeleza. Afisa wa zamu alimjibu kwa hasira kwamba katika Jamhuri ya Shibe Kuu watu wenye hali hiyo hawapo, na kwamba asiisumbue tena ofisi kwa watu wasiokuwepo. Askari alifikiri kidogo juu ya agizo hilo, akainua kamba.

Waliingia. Mahali pa ndiga palikuwa na mashimo. Walitembea kutoka shimo hadi shimo, wakiingiza mikono, wakipapasa udongo kutafuta vichwa, na hawakupata hata kimoja. Miti ya asali ilikuwa imelala chini. Vishina vya uyoga vilikuwa vimekanyagwa na mabuti. Mzee Kirindo alisimama ukingoni mwa shimo moja, akatema mate, akasema tusi ambalo hakuna aliyejua kwamba analijua.

Kilichobaki kilikuwa mchunga, umejaa kila mahali, mwororo na wa kijani, kwa kuwa waheshimiwa hawapendi uchungu. Wakauchuma. Siku hiyo Kwalundi watoto walikula kwanza, ndani, mbele za watu. Nakiete alipowekewa tonge mdomoni alikunja uso, akalitema lote mkononi mwa mama yake. Kisha akafungua kinywa tena.